Kushoto kwa Gari

Machi 4

Daftari hili ni la oda. Kurasa za mbele zimejaa vipimo vya makochi na viti vya magari ya watu. Leo nimeligeuza naandika kwa nyuma, maana nimefanya jambo ambalo mwenyewe silielewi, na nikimsimulia mtu ataniuliza kwa nini, nami jibu sina.

Asubuhi nilikwenda gereji kumwonyesha mnunuzi wa chuma chakavu gari la marehemu mume wangu. Mimi na mama mkwe, ninayemwita Mama, tulishakubaliana: likatwe, lipelekwe, tusilione tena. Miezi saba limekaa nyuma ya gereji, paa limebonyea mpaka kwenye vichwa vya viti, kioo cha mbele hakuna, milango yote miwili imejikunja. Ni gari la spoti, jekundu, viti viwili tu. Mume wangu alikuwa fundi umeme wa magari, na hili alilihangaikia miaka minne kabla halijamuua. Mnunuzi alilizunguka mara moja, akalipiga tairi teke, akawaita watu wake waje na mtungi wa gesi wa kukatia.

Nikasikia mtu anasema, "Acheni." Nikageuka kumtafuta. Kumbe ni mimi.

"Unasemaje, mama?"

"Acheni. Haliuzwi."

"Sasa unataka kulifanyia nini hili?"

"Nalitengeneza."

Mnunuzi alicheka mpaka akashika kiuno. Fundi wa gereji hakucheka. Huyu ananyoosha bodi za magari, na watu wanamwita Taratibu kwa sababu ndilo neno lake: ukimsalimia, taratibu; ukimhimiza kazi, taratibu. Alikuja akasimama kando yangu.

"Dada, hela unayo?"

"Sina."

"Sasa tutalitengeneza kwa kitu gani?"

"Nina cherehani."

Akafikiri. Uani kwake kuna magari manne ya wateja ambayo viti vimechanika mpaka sponji inachungulia. "Taratibu," akasema hatimaye, na mvua ya kwanza ya msimu ikaanza kudondoka.

Bado sijamwambia Mama.

Machi 5

Nimemwambia. Hatuongei.

Machi 7

Mama ameongea leo, na afadhali angeendelea kununa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso.

"Ukishalitengeneza, ataliendesha nani? Yule?"

"Yule" ndilo jina la shemeji yangu siku hizi. Zamani alikuwa Nukta, kwa ufupi wake, na kaka yake alikuwa Mlingoti, kwa sababu hapakuwa na mlango wa nyumba hii alioupita bila kuinama. Siku ya ajali walikuwa wawili ndani ya gari, na Nukta ndiye aliyekuwa anaendesha. Walifika kwenye kona, gari likatoka barabarani, likapinduka. Mlingoti akafa palepale. Nukta akavunjika mkono, basi. Hakuna aliyemlazimisha kusema, alikiri mwenyewe hospitalini mbele yetu sote, "Nilikuwa naendesha mimi." Leseni akanyang'anywa, na Mama akamfukuza. Chumba chake cha pembeni ya jiko kina kufuli tangu siku hiyo. Mvua zikiisha, anasema Mama, vitu vyake vinatoka nje na chumba kinapangishwa, na hapo atakuwa amefunga hesabu na mtoto huyo.

Sijawahi kumtetea. Salamu zake anazozituma sijazipokea hata moja. Sababu ninayo. Mume wangu macho yalikuwa yanakwisha, anaona mbele tu, pembeni giza, na daktari alishamkataza kuendesha. Alinishika mikono yote miwili akaniapia kwamba usukani hatagusa tena. Nikachukua ufunguo, nikamkabidhi Nukta, nikamwambia, "Shemeji, nimekuamini." Miezi miwili baadaye akaniulia mume.

Sasa mimi huyu huyu nalitengeneza gari. Niambie kama nina akili.

Machi 8

Mvua.

Machi 9

Mvua. Turubai la kufunikia gari limejaa maji katikati. Nililisukuma kwa mti wa ufagio, maji yote yakanimwagikia.

Machi 12

Taratibu amenieleza gari lilivyo. Nimeelewa nusu. Paa halinyoosheki; litakatwa la gari jingine lililogongwa nyuma, lichomelewe hapa. Sakafu imepinda lakini inarudi. Injini haina neno. Milango, tutafute. Kioo cha mbele, tuombe Mungu. Kila alipotaja kitu nilikuwa naandika na kila nilichoandika alikuwa anasema, "Hicho usikitilie maanani kwanza." Sasa nitilie maanani kipi?

Tumekubaliana hivi: mimi nashona viti vya wateja wake, yeye ananyoosha gari langu. Muuza vipuri chakavu wa nyuma ya soko naye anataka kiti chake cha kukalia kivishwe upya, na bosi wa gari la wanafunzi ana viti ishirini na nane. Nitazeekea kwenye sponji za watu.

Nilimwuliza jambo moja tu la maana: breki zilikuwa nzima?

"Nzima."

"Usukani?"

"Mzima. Nimeukagua mwenyewe. Kwa nini?"

Nikasema hakuna. Nilikuwa natumaini kosa ni la gari.

Machi 19

Leo nimetia aibu, na si aibu ndogo.

Taratibu alisema tuanze na mlango wa kushoto. Nikaenda kwa muuza vipuri, nikamvisha kiti chake vizuri, mishono miwili miwili, akanipa mlango. Mzuri, mwekundu kama letu, hauna hata mkwaruzo. Nikaulipia kwa jasho langu, nikaubeba kwenye mkokoteni juani na mvuani, maana leo vyote vilikuwepo kwa pamoja. Nikafika gereji kifua mbele.

Taratibu akautazama. Akanitazama.

"Dada, huu wa kulia."

"Wa kushoto huu."

"Wa kulia. Wa dereva."

Nikasimama mbele ya gari, nikalitazama taa zake, nikanyoosha mkono wangu wa kushoto. "Huu upande si kushoto?"

"Kushoto kwako! Kushoto kwa gari ni kule."

"Gari lina mkono?"

"Linao. Kaa ndani ndiyo utauona."

Tulibishana mpaka watu wa duka la jirani wakatoka nje kusikiliza. Sisi mafundi wa makochi tunataja upande kwa kulitazama kochi. Mteja anaingia sebuleni, kochi liko mbele yake, mkono wa kochi ulio kushoto kwake ndio wa kushoto. Miaka kumi na tisa nashona hivyo sijawahi kukosea. Kwa viti vya magari hilo halinihusu, vinaletwa vimeshang'olewa, naandika kwa chaki "dereva" na "abiria," yamekwisha. Wao watu wa magari wanataja upande kama mtu aliyekaa ndani anayetazama mbele. Sasa nani mwenye haki? Anayekaa, au anayetazama?

"Anayekaa," akasema Taratibu. "Wewe unapita tu."

Muuza vipuri hapokei mali iliyorudishwa. Mlango umeegemezwa ukutani, na Taratibu ameuandika kwa chaki: MLANGO WA MAKOSA.

Machi 20

Nilipoamka nilijikuta nimesimama mbele ya kabati nasema, huku kushoto, huku kulia. Mama alikuwa mlangoni. Alikwenda kuchemsha chai, na akaweka vikombe viwili.

Machi 27

Paa limefika. Taratibu ametoa dashibodi ili achomelee. Akanipa saa ndogo ya duara iliyokuwa pale katikati.

"Hii mpelekee fundi saa."

Mji mzima huu fundi saa ninayemjua ni mmoja, kibanda chake kiko karibu na posta, anaishi chumba cha nyuma yake, na ni shemeji yangu.

"Haina haja," nikasema. "Hata kabla ya ajali haikuwahi kutembea."

Ni kweli. Mume wangu alikuwa anasema hiyo saa ni pambo, inapatia mara mbili kwa siku. Nimeitia mfukoni, imekaa huko na chaki.

Aprili 3

Viti kumi na moja vya gari la wanafunzi vimekwisha. Chini ya sponji nimekuta penseli, vifutio na jino la mtoto.

Aprili 6

Mvua ya siku tatu. Mama aliniuliza, kwa mara ya kwanza, "Limefikia wapi?" Nikamwambia paa limeshashika. Akaitikia mmh. Sijui maana ya hiyo mmh, na nimeifikiria siku nzima.

Aprili 11

Viti vya gari letu vimeletwa karakana kwangu leo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilijua nitakuta damu, nikapiga moyo konde, na kweli kulikuwa na doa, nikalifunika kwa gazeti nikaanza kazi. Kilichoniangusha si hicho.

Kiti cha dereva kimeletwa na reli zake, vile vyuma viwili vya chini ambavyo kiti kinateleza juu yake kwenda mbele na nyuma. Nilivuta wenzo ili nikisogeze nipate nafasi ya kuvua kitambaa. Hakitikisiki. Nikapindua. Reli zimekunjika, zimekibana kiti palepale kilipokuwa gari lilipopinduka.

Na kilikuwa nyuma kabisa, tundu la mwisho.

Nilikaa chini nikacheka kidogo, maana nilidhani wameniletea kiti cha abiria. Nikasoma chaki: "dereva." Nikaenda gereji na mvua yote ile, bila mwavuli.

"Fundi, kiti cha dereva nani alikisogeza?"

"Kisogezwe vipi na kimenasa? Hata kukitoa tuliteseka. Boliti za nyuma zimefunikwa na kiti chenyewe, ikabidi niingie chini ya gari nizikate."

"Hakikusogezwa baada ya ajali?"

"Dada, hata trekta lisingekisogeza. Taratibu. Kaa kwanza, umelowa."

Mimi nashona viti vya magari. Mtu akileta kiti naweza kumwambia urefu wake, uzito wake, na anakaa upande upi wa tako. Nukta ananifikia begani. Siku nilizopanda naye alikuwa anavuta kiti mbele mpaka magoti yanagusa usukani, na kaka yake anamtania kwamba anaendesha kwa kidevu. Kiti kikiwa tundu la mwisho, Nukta hafikii klachi hata akinyoosha mguu na kuomba.

Aprili 12

Labda siku ile aliendesha vibaya kwa sababu hakuvuta kiti. Labda alisahau.

Mtu hasahau kwamba miguu yake haifiki.

Labda kiti kilirudi chenyewe gari lilipokuwa linabiringika. Nilimwuliza Taratibu. Akasema kama kingerudi, jino la ule wenzo lingekatika, na jino ni zima. Nilimchukia kwa kujua kazi yake.

Aprili 14

Nimeshona mkono wa kushoto wa kochi la mwalimu upande wa kulia. Nimefumua.

Aprili 18

Nimekuwa nikijiambia jambo moja la kunituliza: yupo shahidi. Mama mmoja mwenye kibanda cha matunda pale konani ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Alikuja hospitalini siku ile ile, akalia na sisi, akasema kwa mdomo wake, "Marehemu tulimtoa mlango wa kushoto." Kushoto ni kwa abiria. Sote tulisikia. Hata kama Nukta asingekiri, hilo lilitosha.

Leo nikiwa naweka alama ya chaki kwenye foronya, K ya kushoto na L ya kulia, nikajiuliza: kushoto kwa nani? Nikafunga karakana nikaenda konani.

Alinikumbuka. Alinipa kigoda na chungwa lililomenywa, hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia, mama, samahani, naomba unionyeshe siku ile ulikuwa umesimama wapi na gari lilikaaje.

Alinyanyuka, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda mpaka ukingo wa barabara. "Lilipinduka, likarudi likakaa kwa magurudumu. Uso wake ukanitazama mimi. Taa moja ilikuwa bado inawaka."

"Na marehemu mlimtoa wapi?"

"Kushoto," akasema, na akanyoosha mkono wake wa kushoto.

Alikuwa amelielekea gari. Alikuwa amesimama kama ninavyosimama mimi mbele ya kochi.

"Usukani ulikuwa upande huo?" nikauliza.

"Si ndiyo, mwanangu? Alikuwa ameukumbatia. Yule mfupi ndiye alitoka mwenyewe huku kwingine, mkono unaning'inia, anapiga kelele kaka, kaka." Akanitazama. "Kwani hamkujua?"

Nikasema tulijua. Nikamshukuru. Nikala lile chungwa lote, na kokwa zake.

Aprili 19

Sijashona.

Aprili 20

Nimemkasirikia maiti. Nimetoa koti lake kabatini nikalitukana. Aliniapia! Mikono yote miwili! Halafu nikalivaa kwa sababu kulikuwa na baridi.

Sasa miezi minane yote ile nilikuwa namlilia nani? Na nilikuwa namchukia nani? Nikijaribu kupanga, vichwa vinabadilishana. Nakumbuka Nukta siku ya maziko amesimama nyuma kabisa, mkono kwenye plasta, na mimi nikapita mbele yake nikaivuta kanga yangu isimguse.

Aprili 25

Nilipiga mswaki mara mbili, nikatia ile saa mfukoni, nikaenda.

Kibanda chake kinaenea mtu mmoja na nusu. Alikuwa ameinamia saa ya mteja na kioo cha kukuzia jichoni. Nikaweka saa ya gari mezani.

"Shemeji," nikasema.

Mkono wake ulitulia. Hilo neno alikuwa hajalisikia kwangu tangu mwaka jana. Aliitazama saa, akaitambua, akajifanya kuikagua.

"Hii haijawahi kutembea," akasema.

"Najua. Kiti cha dereva kimenasa nyuma kabisa."

Alitoa kile kioo jichoni. Jicho lilikuwa jekundu kwa kubanwa, au kwa lingine.

"Niliposikia unalitengeneza nilijua utaona. Wewe na viti vyako."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ufunguo si ulinipa mimi?"

"Jibu vizuri."

"Ndiyo jibu hilo, shemeji. Ulinipa mimi." Alianza kupanga vijiskrubu kwenye kifuniko cha chupa, hiki huku, hiki huku. "Tulikuwa tunarudi. Barabara imenyooka, hakuna mtu, mvua imekatika. Akasema, Nukta, mara moja tu, mpaka konani. Kaka yangu hakuwahi kuniomba kitu maisha yake. Mimi ndiye mwombaji siku zote. Nikasimamisha, tukabadilishana. Alivuta kiti nyuma anacheka, anasema umekigeuza cha mtoto wa chekechea. Alikuwa na furaha, shemeji, sijui nikuambieje. Mpaka konani."

"Na konani?"

"Kona hakuiona."

Nje mtu aliuliza bei ya betri. Nukta akamjibu, akampa betri, akamrudishia chenji. Nilimtazama mikono. Haikutetemeka hata kidogo, na hilo lilinitia uchungu zaidi.

"Alikuwa amekuapia," akaendelea. "Nilidhani kama ameshakufa, basi angalau kiapo chake kibaki. Na kwa nini wewe ujue? Ungepata faida gani?"

Sikujua ningepata faida gani. Mpaka sasa sijui. Nilimwambia nitakwenda kumweleza Mama leo leo. Ndipo alipopandisha sauti, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Usithubutu! Mama amebaki na mtoto mmoja mzuri, na ni yule aliyekufa. Mwachie. Niahidi hutasema neno."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshazoea."

Uongo. Kitanda chake kinaonekana kutoka kibandani, na juu ya ukuta amebandika picha ya nyumba yetu, ile ya kabla hatujajenga uzio.

Niliahidi. Nilitoka nikiwa sijui nimekwenda kumsamehe au kumwomba msamaha, na kati ya hayo mawili hakuna nililofanya.

Mei 2

Mama amepata mpangaji. Karani, hana makuu, ataingia mvua zikiisha. Ananieleza kwa furaha kubwa kuliko habari yenyewe. Nilikuwa na neno mdomoni, nikalimeza na chai.

Mei 5

Nilimwuliza Mama, mbali mbali, kwamba hivi mtu akilaumiwa kwa kosa halafu ikaja kujulikana hakukosa yeye, inakuwaje. Akaniuliza, "Kochi la nani umeharibu?"

Mei 9

Mlango wa makosa umefungwa upande wa dereva, umekaa sawasawa. Kwa hiyo haukuwa na kosa, ulikuwa umetangulia tu. Taratibu hataki kuifuta ile chaki, anasema ameshaizoea. Wa kushoto, kushoto kwa gari, tumeupata kwa viti saba vilivyobaki vya wanafunzi. Rangi haikutosha, gari lina wekundu wa aina mbili. Kioo cha mbele kina ufa chini, haufiki machoni.

Mei 16

Taratibu amezinyoosha reli. Zinateleza vizuri, tik tik tik. Nilikileta kiti nimekivisha upya, ngozi bandia nyeusi na uzi mwekundu, kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na sitaringa.

"Nikifungie wapi?" akauliza.

"Rudisha nyuma kabisa. Tundu la mwisho."

"Utafikaje kwenye klachi, dada? Wewe si mrefu hivyo."

"Kiweke kilipokuwa."

Alitaka kuuliza. Kisha akasema neno lake, akakisukuma nyuma.

Sijui kwa nini nimesema hivyo. Naandika hapa ili nikisoma baadaye nisijidanganye: sijui. Niliahidi kutosema neno, na sitasema.

Mei 21

Jua, asubuhi nzima.

Mei 22

Jua.

Mei 24

Mama amefungua kufuli. Ametoa kila kitu mwenyewe, amekataa msaada wangu. Godoro, sanduku, meza ndogo, redio, katoni la saa mbovu. Vyote viko uani vimepangwa vizuri, kama vya mtu anayehama kwa hiari yake. Karani anakuja kesho kutwa. Nilimtuma mtu kwa Nukta: gari linaletwa nyumbani kesho, alete saa aifunge mwenyewe, na achukue vitu vyake.

Mei 25

Nitaandika polepole ili nisikosee.

Taratibu alilileta saa nne, amekaa ukingoni mwa kiti, ameshika usukani kwa vidole, analalamika tangu getini. Majirani walitoka. Lilinguruma, likazima, likanguruma tena, likatulia katikati ya ua kando ya godoro. Mama alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Hakusogea.

Nukta alikuja kwa miguu. Alisimama getini mpaka nilipomwambia pita. "Shikamoo, Mama," akasema. Mama akautazama mwiko.

Nikamwonyesha nafasi ya saa pale katikati. Ili kuifikia ilimbidi aingie. Alifungua mlango, MLANGO WA MAKOSA, akakaa upande wa dereva, akanyoosha mikono. Haikufika. Alijivuta, akateleza mpaka ncha ya kiti, miguu yake ikawa inatafuta pa kukanyaga, haipati. Ndipo alipoelewa. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile. Mkono wake ulishuka upesi kwenye wenzo akivute mbele.

"Mbona miguu yako haifiki?"

Alikuwa ni Mama. Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Nukta tangu hospitalini.

Taratibu alianza kukagua tairi.

Mama akaja. Alilizunguka gari lote, kwa nyuma, akatokea upande wa dereva. "Kiti hiki ni kipya?"

"Ni kile kile, Mama. Nimekivisha tu."

"Mmekisogeza?"

Nilitazama chini. Niliahidi kutosema neno. "Kimekaa pale kilipokuwa," nikasema, na sijui kama hilo ni neno au si neno. Nukta alifumba macho.

Mama aliinama. Aliupitisha mkono mbele ya miguu ya Nukta, akapima kwa shubiri kutoka ukingo wa kiti mpaka kwenye klachi. Moja, mbili, tatu, nne. Ni mama wa watu wawili hao. Suruali zao alizishona yeye mpaka mmoja alipooa na mwingine alipokataa kuoa. Alirudia kupima. Kisha aliweka kiganja juu kabisa ya kiti, pale ambapo kichwa cha mtu mrefu huegemea, akakiacha hapo muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inacheza lakini sikusikia anasema nini.

"Mvutie kiti mwenzio," akaniambia.

Nilipiga magoti chini, nikavuta wenzo. Kiti kilikwenda mbele, tik, tik, tik, matundu sita, na miguu ya Nukta ikakanyaga. Alikuwa analia bila sauti na saa iko mkononi. Mimi pia nililia, na nilikuwa namlilia mume wangu, yule mwongo, aliyekuwa na furaha mpaka konani.

Nilipoinua uso Mama hakuwa pale tena. Alikuwa ng'ambo ya gari, amelishika godoro upande mmoja, anahema, analielekeza kwenye chumba cha pembeni ya jiko.

"Wewe," akaita. "Njoo ushike kushoto."

Nukta alitoka garini mbio. Akafika, akasimama upande wa pili wa godoro wametazamana, mikono imenyooshwa, hajui aanzie wapi.

"Kushoto kwako, Mama, au kwangu?"

"Popote, mwanangu," Mama akasema. "Shika tu."